Mkokoteni wa Kukodi

Nilikwenda mwenyewe Buguruni kuikodi, mitatu, siku mbili.
Bwana Mtulia akauliza, "Mzigo gani?"
Nikasema, vijana.
"Wanaumwa?"
Hapana, wao ndio watakaovuta.
Akanyamaza, akakaza kibindo.
"Miaka ishirini na sita navuta," akasema,
"sijamwona mtu analipa ili avute."
Basi akaja naye. Si kwa imani.
Kwa ajili ya magurudumu yake.

Asubuhi, Pugu. Wasichana na sketi za kitenge hadi kifundoni,
kofia tumezishona kwa shuka chakavu za wodini
(mimi muuguzi, najua shuka huishia wapi).
Lusajo kaficha simu ndani ya gunia la unga,
sote tukajifanya hatujui,
mpaka gunia lilipoita.
Nimepewa kuwa mama kwa siku mbili:
watoto wanane nisiowazaa,
na kitinda mimba, Kokushubira, ananizidi urefu.

Kila mmoja ana kadi shingoni, jina la mtu
aliyevuta hivi zamani, nchi ya mbali, akaelekea milimani;
majina yanayogoma kwenye ulimi.
"Hapa," nasoma karatasini, "theluji iliwafika magotini."
Vumbi la Pugu limetufika magotini.
Theluji tuijuayo sisi ni ile ya friji,
unayoikwangua kwa kijiko.
Mbonea anauliza, walikufa kwa baridi kweli?
Kweli.
Anajifuta jasho, anajaribu kuamini.

Kwenye kilima ratiba inasema
wavulana wakae pembeni, kofia mkononi, kimya.
Wasichana wavute peke yao.
Wakavuta. Mkokoteni ukarudi nyuma.
Wakavuta. Ukarudi.
Bwana Mtulia, ambaye ratiba hakuisoma:
"Mzigo mmeutupa nyuma! Ekseli, wanangu, ekseli!"
Akapanga magunia upya, moja moja,
kama anayemlaza mgonjwa.
"Mkono kazi yake kushika tu. Vuta kwa kifua.
Kilele usikitazame, hakikusaidii."
Kisha akapaza sauti, "Simile!"
na wa kupisha hakuwepo ila mbuzi mmoja.
Simile, wakaitika wasichana.
Simile, na sketi zimepandishwa kibwebwe,
simile, na kofia za wodini zimeanguka njiani,
na mimi nyuma nasukuma, ingawa msimamizi haruhusiwi kugusa.

Usiku tukasoma kadi motoni.
Fulani, miaka tisa. Fulani, na mwanawe mchanga.
Bwana Mtulia alikuwa ameswali isha yake kando,
akasogea.
"Na mimi nipeni moja. Ila ya kwangu haijaandikwa."
Nikachana nyuma ya orodha ya mahudhurio.
Miwani hakuja nayo; Kokushubira akaandika:
Mwinshehe Pazi. Mkokoteni wa vitunguu.
Lori, Tazara, kabla ya alfajiri.
"Umri?"
"Andika alikuwa anaimba vibaya."
Akaandika.
"Vitunguu viliokotwa vyote," akasema yule mzee,
"hata vilivyobingirika mtaroni.
Yeye ndiye aliyechelewa kuokotwa."
Hakuna aliyesema amina. Hatukujua kama ni mahali pake.
Kuni zikapasuka. Mtu akapiga chafya.

Kesho yake, kushuka, ndiko kulikotutoa roho.
Hilo karatasi haikulisema:
kwamba mzigo unaokukimbiza
ni mzito kuliko unaokukataa.
Mbonea alichubuka viganja vyote viwili, nikavifunga bendeji.
Kadi ya Mwinshehe nilimwona nayo Lusajo, chini ya shati.
Sikuuliza.
Buguruni Bwana Mtulia alikagua tairi zake,
akazipiga teke, akaridhika,
akatukata elfu tatu ya spoku iliyopinda.

Jumanne niko zamu, simu ikatetemeka mfukoni.
Lusajo. Picha ya barabarani, Ilala, imepigwa kwa haraka:
mgongo wa mtu, shati limelowa, viroba hadi angani,
magari yanampigia honi.
Chini yake kaandika:
"Mama, mzigo wake umekaa nyuma mno.
Nimeshuka kumwambia."